Mtoto Huyu Ataitwa Nani?

Somo la jumuiya ndogo ndogo na la wazazi wanaoandaa ubatizo wa watoto
Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kukutana: Luka 1:57-66, Kutoka 2:21-22, Mwanzo 35:16-18, Mwanzo 41:50-52



Wapendwa akina baba na akina mama wa makazi yetu hapa Rejaf, kila ubatizo wa watoto wachanga unapokaribia, katekista hupita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Tarehe ya kuzaliwa huandikwa upesi. Jina la msimamizi nalo hupatikana. Kinachochelewa ni jina la mtoto. Baba hayupo na simu yake haipatikani. Bibi anadai jina la marehemu babu. Shangazi ametuma ujumbe kutoka Kampala, naye anataka jina alilolisikia kwenye sinema. Mama mwenyewe, aliyembeba mtoto tumboni njia nzima, hajaulizwa. Matokeo yake ni kwamba wapo watoto ambao wameshaanza kutambaa, na kwenye kadi ya chanjo bado wameandikwa "Mtoto wa fulani".

Somo hili ni kwa ajili ya nyumba hizo. Nalo neno lenyewe "somo" tulifikirie kidogo. Katika Kiswahili, yule mwenye jina kama lako ni somo yako. Ukimwita binti yako jina la mtu, umempa somo wa maisha yake yote, na watu watamwuliza habari za huyo mwenzake mpaka azeeke. Kwa hiyo si jambo la kumalizia mlangoni mwa kanisa asubuhi ya ubatizo, padri akiwa tayari ameshavaa stola.

Tuanze na nyumba ya Zakaria. Elizabeti amejifungua uzeeni, na siku ya nane majirani na jamaa wamejaa. Angalieni jambo hili: jina wamekwisha kulichagua wao. Wanataka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mama anakataa, anasema ni Yohane. Wanamjibu kwamba katika ukoo wake hakuna mtu wa jina hilo, kisha wanamgeukia baba, ambaye ni bubu kwa miezi yote hiyo, na kumwuliza kwa ishara. Zakaria anaomba kibao na kuandika jina lilelile alilosema mkewe. Hapo ndipo ulimi wake unapofunguka.

Wahubiri wengi hukazia muujiza wa ulimi. Mimi ningependa jumuiya zetu zikae kidogo kwenye kibao. Wazazi hawa wawili walikuwa wamekubaliana, na baba aliliandika jambo hilo mbele ya mashahidi. Wale majirani hawakuwa watu wabaya. Walikuja kufurahi, na mila waliyoitetea ilikuwa mila nzuri. Lakini mtoto hakuwa wao. Hapa kwetu majirani ni wengi kuliko wa Elizabeti na kila mmoja ana mila zake, basi wazazi wana haja kubwa zaidi ya kukubaliana wao kwanza. Kama baba yuko mbali, mama asimsubiri mwaka mzima. Amtumie ujumbe, ampe majina mawili achague, na siku aliyomwekea ikipita, mama aamue. Elizabeti alisema jina kabla mumewe hajaulizwa, na Injili haimlaumu.

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa zaidi sisi tuliokimbia.

Musa alikimbia Misri akaishi Midiani kama mgeni. Mkewe Sipora alipomzaa mtoto wa kiume, Musa alimwita Gershomu, jina linalobeba neno la ugeni, kwa sababu baba yake alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Yosefu, aliyeuzwa na ndugu zake, alipata watoto wawili Misri. Wa kwanza alimwita Manase, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Wa pili alimwita Efraimu, kwa kuwa Mungu alimpa uzazi katika nchi ya mateso yake. Raheli naye alijifungua njiani, kati ya Beteli na Efrata, mimba ikiwa na uchungu mkali. Roho yake ilipokuwa ikimtoka alimwita mtoto Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu. Lakini Yakobo, akiwa mjane wa saa ile ile, alimwita mtoto huyo huyo Benyamini, mwana wa mkono wa kuume.

Mnaona kwamba Biblia inajua sana watoto wanaozaliwa njiani na ugenini. Wala haiwakatazi wazazi kusema ukweli kwa kutumia jina. Gershomu ni jina la mkimbizi kabisa.

Majina ya namna hiyo tunayo tele. Kutoka Bunia mpaka Bukavu utakutana na akina Mateso, Masumbuko, Shida, Tabu, Machozi, Sikujua. Kwa Walugbara wa Arua na Aru, msichana anaitwa Candiru na mvulana Candia kwa sababu ya neno lao la taabu. Mtaalamu wa mila John Middleton, aliyeishi kati ya Walugbara miaka ya 1950, aliandika kwamba sehemu kubwa ya majina yao ilisema habari za kifo, za umaskini na za ugomvi wa nyumbani. Majirani zao wanaocheka majina hayo wangeangalia kwanza ya kwao.

Lakini ugomvi wa nyumbani ndio ninaotaka kuusimamia. Kuna jina la kumbukumbu na kuna jina la kumtupia mtu maneno. Akina mama wa pwani ya Kenya na Tanzania wakitaka kumsema jirani huvaa kanga yenye maneno yake, na ugomvi ukiisha kanga inafuliwa na kukunjwa sandukuni. Mtoto hakunjwi sandukuni. Mama aliyegombana na mke mwenza akamwita mwanawe jina la kumjibu huyo mwenzake, miaka kumi baadaye wale wawili wanachota maji pamoja na kucheka, na mtoto bado anaitwa jibu la ugomvi ambao yeye hakuushuhudia. Nimesikia majina ya jinsi hiyo yakiitwa darasani, na wenzake wanayaelewa maana yake vizuri sana.

Lipo na lingine zito zaidi. Mtu ameuawa, na mtoto wa kwanza kuzaliwa katika ukoo anapewa jina lake. Kumkumbuka marehemu ni kitu chema, na kwa watu wetu wengi ndiyo njia ya kusema kwamba hakupotea. Swali ni kile kinachosemwa mtoto anapokua. Akiambiwa: jina hili ni la baba yako mdogo, alikuwa fundi hodari, alipenda watoto, basi amepata somo wa kujivunia. Akiambiwa: jina hili ni la yule waliyemwua watu fulani, wewe ndiye utakayelipa, basi amepewa deni kabla hajaota meno. Hilo Kanisa haliwezi kulimwagia maji na kukaa kimya. Katekista akilisikia, akae na familia hiyo kabla ya kuandika chochote.

Kwa hiyo jipimeni hivi: jina hili litasema nini siku shida yetu itakapokwisha? Gershomu lilibaki kuwa ushuhuda hata Musa alipoondoka Midiani. Efraimu likawa jina la kabila zima. Benoni halikubaki, kwa sababu baba alikataa mtoto aitwe kila siku kwa kifo cha mama yake. Yakobo alimlilia mkewe na kumwekea nguzo ya ukumbusho kaburini. Kumbukumbu aliiweka kwenye jiwe, siyo mabegani mwa mtoto.

Wengine kati yetu hawasumbuliwi na kuchagua hata kidogo, maana mila zao zimekwisha kuchagua. Wanande wa Beni na Butembo na ndugu zao Wakonzo wa Kasese, upande wa Uganda, huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza kwa Wakonzo ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Upande wa Kongo mtasikia Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Wasichana wa Wakonzo wanaanza na Masika, kisha Biira, Kabugho, Mbambu. Mpaka wa nchi umepita katikati yao, lakini hesabu imebaki moja. Wenyeji wetu Wabari nao wana majina yenye nafasi yake katika uzazi, na ndiyo sababu katika soko lolote la Juba ukiita Lado au Wani, Keji au Poni, watageuka watu wengi. Waacholi wana Opio kwa pacha anayetangulia na Okelo kwa mtoto anayefuata baada ya mapacha.

Vijana wetu wa siku hizi wanasema majina hayo hayana maana, ni namba tu. Sikubaliani nao. Mtu akifika hapa peke yake akasema anaitwa Kakule, mwenye masikio anajua pale pale kwamba kuna kaka watatu waliomtangulia, na anajua swali la kuuliza. Jina la mpangilio linawataja ndugu wasiokuwepo. Katika makazi ya watu waliotawanyika, hilo si jambo dogo.

Tunakuja kwenye swali linaloulizwa kila mara katika darasa la ubatizo: je, ni lazima mtoto apewe jina la Kizungu? Jibu ni hapana. Wazazi wengine hushangaa kulisikia, kwa sababu wazee wao waliambiwa vingine, na wazee hawakudanganya. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka mapadri wahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo, na wasipofaulu waongeze wenyewe jina la mtakatifu na kuandika yote mawili kitabuni. Watakatifu waliojulikana wakati huo karibu wote walikuwa wa ng'ambo, basi tukapata akina Jean, Giuseppe na Alphonsine. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, katika kanuni namba 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu lisitolewe jina lililo geni kwa imani ya Kikristo. Ndiyo kusema jina la lugha yako, lenye maana nzuri, linaweza kuwa jina la ubatizo.

Sisi tunaotoka Kongo tumeliona jambo hili kutoka pande zote mbili. Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwanzoni mwa mwaka 1972 Rais Mobutu aliacha jina lake la Joseph-Désiré na kuwaamuru raia wote waache majina ya Kikristo ya kigeni. Mapadri walionywa kwamba atakayembatiza mtoto kwa jina la Kizungu anaweza kufungwa miaka mitano. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kuondoka nchini miezi kadhaa na kukaa Roma. Na huyu Malula hakuwa adui wa mila. Ni yeye aliyepigania misa yenye nyimbo, ngoma na desturi za Kongo. Alichokataa ni serikali kuingia katika nyumba ya mtu na kumwambia mtoto wake ataitwaje. Baada ya Aprili 1990, mfumo wa chama kimoja ulipoanza kuvunjika, majina yale yalirudi, na leo familia moja ina Dieudonné, Furaha, Espérance na Bahati, wote wanakula sahani moja. Wazee waliozaliwa kabla ya mwaka 1972 wana karatasi za majina mawili tofauti, na baadhi yao bado wanahangaika nazo.

Kwa hiyo nasi tusiwe Mobutu wadogo kwa upande wowote. Anayetaka Paulo, ampe Paulo. Ila asidhani Mungu anaitambua Paulo kuliko Okelo.

Na kwa kweli Mbingu ina akina Okelo tayari. Mwenyeheri Daudi Okelo na mwenzake Jildo Irwa walikuwa makatekista vijana wa Kiacholi, wakauawa huko Paimol, kaskazini mwa Uganda, Oktoba 1918, na Papa Yohane Paulo wa Pili akawatangaza wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002. Kizito, kijana mdogo aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, aliitwa hivyo nyumbani kwao Buganda, na sasa ni jina la ubatizo Afrika Mashariki yote. Lwanga vivyo hivyo. Mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na wiki chache baadaye, tarehe 1 Desemba, msichana wa Kongo aliuawa huko Isiro kwa kukataa kumtii askari mwasi aliyetaka kumvunjia heshima. Nyumbani aliitwa Nengapeta. Alipoandikishwa shule, karatasini liliingia kwa makosa jina la dada yake, Anuarite. Kosa la kuandikisha! Kanisa linamheshimu kwa majina yote mawili, Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, tangu mwaka 1985. Isiro si mbali na mpaka wa nchi hii. Kama unatafuta somo wa binti yako, huyu ni jirani.

Lakini wa karibu kuliko wote ni Mtakatifu Yosefina Bakhita, ambaye hata redio ya Kanisa iliyoanza Juba mwaka 2006 ilipewa jina lake. Alizaliwa Darfur karibu na mwaka 1869. Alikuwa mtoto mdogo watekaji walipomchukua, na kwa hofu na mapigo aliyoyapata alilisahau jina alilopewa na mama yake. Bakhita ni jina alilopewa na hao waliomteka. Kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati, na unaweza kusikia kejeli ndani yake. Aliuzwa mara kadhaa, akapelekwa Italia, na tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa Venice kwa majina ya Yosefina Margareta Fortunata. Fortunata ni Bakhita kwa lugha nyingine. Hakulitupa jina la watekaji. Aliliingiza majini pamoja naye, likatoka likiwa lake. Alifariki tarehe 8 Februari 1947 na kutangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Na bado, jina la mama yake hakulipata tena. Tunamwomba kwa jina ambalo mama yake hakulijua. Wazazi, litafakarini hilo mnapoona uvivu wa kumwandikisha mtoto au wa kumweleza jina lake. Watoto wetu hutengana nasi kwenye vivuko, kwenye malori, usiku wa risasi. Mtoto wa miaka mitatu afundishwe kusema jina lake, jina la baba, jina la mama na mahali wanapotoka, kama anavyofundishwa ishara ya msalaba.

Najua pia kwamba wapo wazazi wenye sababu ya kulificha jina. Baada ya Desemba 2013, na tena baada ya Julai 2016, katika nchi hii watu waliulizwa kabila lao kwa njia nyingi, na jina ni mojawapo. Mama aliyempa mwanawe jina la Kiingereza peke yake ili asijulikane ametoka kwa nani, tusimcheke wala tusimwite mtu asiye na asili. Esta wa Biblia alikuwa na jina lingine, Hadasa, na kwa ushauri wa Mordekai hakusema kabila lake katika nyumba ya mfalme. Ushauri wangu kwa mama huyo ni mmoja: jina la nyumbani alitaje kwa padri siku ya ubatizo, liandikwe kitabuni pamoja na hilo la Kiingereza. Kwenye karatasi nyingine atajua mwenyewe. Siku mtoto atakapotaka kujua yeye ni nani, awe na mahali pa kufungua.

Tumalizie na kalamu. Rejaf hii yetu ina historia na jambo hili. Mwaka 1928 ulifanyika hapa mkutano mkubwa wa lugha, wamisionari na wakuu wa serikali wakakaa wakaamua ni lugha zipi za kusini zifundishwe shuleni, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishilluk, Kilatuko na Kizande, na ziandikwe vipi kwa herufi za Kirumi. Karibu miaka mia moja imepita, na jina la mtoto mmoja bado linaandikwa kwa namna nne. Mtoto ameandikwa Jean kwenye zahanati, John kwenye kadi ya chakula, Yohane kwenye kitabu cha ubatizo, na shuleni mwalimu ameandika Yuhanna. Nyumbani ni mtu mmoja. Mezani kwa karani anayetafuta jina katika kompyuta ni watu wanne, na watatu kati yao hawana haki ya chochote.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka nyumbani liandikeni jina kwenye kikaratasi, herufi kubwa, kama Zakaria, na kikaratasi hicho hicho kiende kila mahali. Msimtamkie karani na kumwachia aandike anavyosikia. Akimaliza, mwombeni alisome tena. Asiyejua kusoma aende na mtoto wa shule au katekista. Kosa la herufi moja hurekebishwa siku hiyo hiyo kwa dakika tano. Baada ya miaka kumi linataka mashahidi, safari na pesa.

Kuna na tatizo la jina la ukoo. Wenyeji wetu huandika jina la mtoto, la baba, kisha la babu, kwa mfuatano huo. Sisi wa Kongo kila mtoto ana lake, na ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina hata moja la pamoja. Fomu za kigeni zinataka jina moja la familia, na ofisa asiyejua mila zetu anaona watoto wanne wa watu wanne. Hakuna haja ya kubadilisha mila. Inatosha majina ya baba na ya mama yaandikwe sawasawa, herufi kwa herufi, kwenye karatasi za watoto wote. Angalieni na tarehe pia. Vijana wengi wa Sudan Kusini waliopelekwa Marekani kutoka Kakuma mwaka 2000 na 2001 waliandikiwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na karatasi. Kundi zima likawa na siku moja ya kuzaliwa.

Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Kinasaidia, lakini hakichukui nafasi yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Sudan Kusini ilijiunga nao mwaka 2015, unasema katika ibara ya 7 kwamba mtoto aandikishwe mara anapozaliwa, na awe na haki ya kupata jina. Haki hiyo ni ya kila mtoto, mkimbizi akiwa miongoni mwao. Wapo wanaoogopa kwamba wakimwandikisha mtoto hapa atapoteza uraia wa kwao. Sivyo. Karatasi hiyo inaonyesha alizaliwa wapi, lini na kwa wazazi gani, na ndiyo hasa atakayoihitaji siku ya kurudi ili aonyeshe kwamba ni mtoto wa kwao. Mama akijifungulia nyumbani, mkunga aliyempokea mtoto aende naye kutoa taarifa zahanati wiki hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya:

1. Kila mmoja aeleze jina lake: nani alimpa, na kwa nini. Wazee waanze. (Swali hili peke yake linaweza kumaliza jioni nzima, kiongozi asiwakatize.)

2. Katika nyumba ya Zakaria, nani alikuwa na neno la mwisho juu ya jina la mtoto? Katika nyumba zetu ni nani, na baba asipokuwepo tunafanyaje?

3. Yakobo alibadilisha jina ambalo mkewe alilitoa akiwa anakufa. Je, alifanya vema? Akina mama wajibu kwanza.

4. Je, kuna mtoto katika jumuiya yetu ambaye bado ameandikwa "Mtoto wa fulani"? Ni nani atakayemsindikiza mama yake zahanati wiki hii, na siku gani?

Majina ya watoto wa ubatizo ujao yafikishwe kwa katekista wa jumuiya yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, pamoja na majina kamili ya wazazi wote wawili.